Kizuri Chajiuza? Nasaha kwa Vijana Watungao Matangazo

Bismillahir Rahmanir Rahim

Wazee wetu walisema: kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Ni methali ya kweli, lakini ina mpaka wake. Dagaa wazuri walioanikwa katika mwalo wa Kibirizi hawawezi kujiuza wenyewe kwa mama wa nyumba aliyeko Dodoma au Morogoro, ambaye hajawaona wala hajawanusa. Hana budi kuletewa khabari zao. Na aletaye khabari ni shahidi, ama amesema kweli, ama amesema uongo. Kwa sababu hiyo kazi ya kutangaza bidhaa, ambayo wengi huidhania kuwa mchezo wa maneno matamu, kwetu sisi Waislamu ni kazi yenye hesabu mbele ya Mwenyezi Mungu.

Siku hizi kazi hiyo imeingia mikononi mwa vijana. Simu iliyomo mfukoni yapiga picha za video, yanasa sauti, tena yakata vipande na kuviunga. Walimu wa biashara na wa mambo ya habari huwagawa wanafunzi wao vikundi vikundi, wakawaagiza watunge tangazo fupi la bidhaa ya mji wao. Kisha huja saa ya kulionyesha tangazo mbele ya darasa, na kila mtu husema alionalo. Saa hiyo ndiyo tunayotaka kuizungumza mwezi huu, kwa kuwa ndani yake mna elimu kubwa kuliko ile iliyomo katika simu yenyewe, na vijana wengi huipoteza.

Huipoteza kwa njia mbalimbali. Yuko anayekasirika akasema kuwa wenzake wamemhusudu. Yuko anayenyamaza, akarudi nyumbani na moyo uliovunjika, asiguse tena kazi ile. Yuko pia anayeitikia kila neno analoambiwa, akabadilisha kila kitu, hata tangazo likawa halina mwenyewe. Na kwa upande wa wasemaji, wako wanaosifu kila kitu ili nao wasifiwe zamu yao ikifika, na wako wanaocheka tu. Wote hao, wasemaji na wasikilizaji, wametoka mikono mitupu.

MJI WA WACHUUZI

Hapana mji wa bara unaostahili kulifikiri jambo hili kuliko Ujiji. Huu ni mji uliokuzwa na biashara. Burton na Speke walipofika mwaka 1858 waliikuta Ujiji ikiwa tayari ni kituo cha misafara itokayo pwani. Na Livingstone alipokutana na Stanley mwaka 1871, alikuwa akiishi kati ya wachuuzi wa Kiarabu, Waswahili na watu wa Manyema waliovuka ziwa. Reli kutoka Dar es Salaam ilifika Kigoma mwaka 1914, na bandari ikahamia huko, lakini Ujiji ikabaki na misikiti yake, vyuo vyake vya Kurani na Kiswahili chake. Katika zama hizo za misafara hapakuwa na tangazo la karatasi wala la redio. Tangazo la mfanya biashara lilikuwa jina lake. Aliyepunja kipimo leo, khabari zake zilimtangulia safari ijayo, naye akaikuta milango imefungwa.

Leo ziwa ni lile lile. Urefu wake ni kilomita 670 hivi, kina chake chafika mita 1,470, na nchi nne zalishiriki: Tanzania, Burundi, Kongo na Zambia. Wavuvi wa dagaa hutoka usiku wa kiza; zamani waliwaita samaki kwa karabai, na sasa wengi watumia taa za umeme wa jua. Mwezi ukiwa mpevu hupumzika, kwa kuwa mwanga wa taa hauna nguvu mbele ya mwanga wa mbalamwezi. Asubuhi wanawake na vijana huwapokea dagaa mwaloni na kuwaanika. Wengine huwaanika juu ya mchanga au changarawe, na wengine juu ya vichanja vya nyavu vilivyoinuliwa kutoka chini. Wa kichanjani hukauka vizuri, kwa kuwa upepo wapita juu na chini; tena hawana mchanga. Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa lilivihimiza vichanja hivyo kwa upande wa Burundi katika miaka ya 2000, na faida yake yaeleweka pande zote za ziwa. Kila apikaye ajua tofauti ya dagaa wa kichanjani na dagaa wa mchangani, kwa kuwa meno hayadanganywi.

TUCHUKUE MFANO

Sasa tuchukue mfano, nao ni mfano tu wa kufahamisha. Wanafunzi wanne wa Ujiji wameagizwa watunge tangazo la dagaa, lisizidi sekunde sitini. Wakaenda mwaloni wakati wa alasiri. Wakapiga picha ya machweo, mitumbwi, watoto wakioga, kisha binti mmoja akasimama akisifu dagaa hao kuwa ni safi na hawana hata chembe ya mchanga. Nyuma yake vichanja vimejaa dagaa wanaong'ara kama fedha. Muziki wapigwa tangu mwanzo hata mwisho. Wakalionyesha darasani, na maneno yakaanza.

Wa kwanza akasema hakusikia nusu ya maneno, kwa kuwa upepo wa ziwa uliingia katika simu. Wa pili akasema uso wa msemaji ulikuwa mweusi, kwa sababu jua lilikuwa mgongoni mwake. Wa tatu akasema sekunde ishirini zilikwisha kwa machweo kabla dagaa hawajaonekana. Wa nne akasema ametamani kununua lakini hakuambiwa bei, wala wauzwapo, wala namba ya kupiga. Wa tano akauliza kama yule mama aliyeonekana akigeuza dagaa aliombwa ruhusa kabla ya kupigwa picha. Wa sita, aliyekuwa akikaa kimya, akasema: "Mimi nawajua dagaa wa mwenye mali huyo. Vichanja hivyo ni vya jirani yake. Wake yeye huanikwa mchangani."

Basi hapa pana maneno sita, na kijana asiyezoea atayasikia yote kama pigo moja. Lakini akili yataka yatengwe, kwani si ya aina moja.

Maneno matatu ya kwanza ni ya ufundi. Dawa yake ni rahisi: kupiga picha asubuhi upepo ukiwa umetulia, au kukinga simu kwa mwili na kusogea karibu na msemaji, kumgeuza msemaji alielekee jua la upande, kuwaleta dagaa mbele na kuyakata machweo. Kazi ya aina hii haimpunguzii mtu heshima hata kidogo. Fundi seremala hupiga randa mara nyingi juu ya ubao mmoja, wala haoni kuwa ametukanwa na ubao.

Neno la nne ni la mtazamaji. Vijana walitunga wakijifikiria wenyewe, nao wenyewe wajua dagaa wauzwapo. Walimsahau mtu wa mbali. Dawa ya neno hili haimo ndani ya simu. Imo katika kwenda kuuliza. Wamwendee mama wa nyumba, mwenye duka, na mpishi wa hoteli, wawaulize: ukitaka kununua dagaa, wataka kujua nini kwanza? Kisha waandike upya.

Neno la tano na la sita ni ya haki na ukweli, na hayo ndiyo mazito. Picha ya mtu si mali ya aipigaye. Sura ya Nnur yatufundisha kuomba idhini kabla ya kuingia nyumba za watu, na mwenye fikara ataona kwamba kumwingiza mwanamke wa watu katika simu za maelfu ya watu wasiomjua kwahitaji idhini zaidi. Sheria ya nchi nayo imelitazama jambo hili: Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ilitungwa mwaka 2022 na kuanza kutumika mwaka 2023. Ama neno la vichanja vya jirani, hilo halina dawa ya ufundi kabisa. Hata wakipiga picha upya mara kumi kwa simu bora kuliko zote, uongo utabaki pale pale, tena utaonekana wazi zaidi. Njia ni mbili tu: ama waseme kweli kuhusu dagaa walio nao, ama wamwendee mwenye mali wamshauri ajenge vichanja.

Twaomba vijana wasimame hapa wafikiri. Neno lililosemwa juu ya tangazo limefika hata kwenye bidhaa yenyewe. Hiyo ndiyo faida kubwa ya masahihisho. Mwanafunzi alidhani anafundishwa kupiga picha, kumbe anafundishwa biashara. Alidhani anafundishwa biashara, kumbe anafundishwa dini.

LUNDO LA CHAKULA SOKONI

Imepokewa katika Sahihi ya Muslim, kutoka kwa Abu Huraira, kwamba Mtume (s.a.w.) alipita sokoni penye lundo la chakula, akatia mkono ndani yake, vidole vyake vikakuta umajimaji. Akamwuliza mwenye mali sababu yake, naye akajibu kuwa ni mvua. Mtume (s.a.w.) akamwuliza kwa nini basi hakukiweka kile kilicholowa juu ili watu wakione, kisha akabainisha kwamba mwenye kudanganya si katika sisi.

Tuangalie jambo moja katika khabari hii. Yule mtu hakusema neno la uongo. Alipanga tu: kikavu juu, kibichi chini. Na kupanga ndiyo kazi yote ya mtunga tangazo! Achague nini kionekane na nini kifichwe, nini kitangulie na nini kikatwe. Kwa hiyo mtu aweza kudanganya kwa picha za kweli tupu, bila kutamka uongo hata mmoja. Sheria ya Ushindani ya Tanzania ya mwaka 2003 nayo yakataza kumpotosha mnunuzi. Lakini Mwislamu hangoji sheria ya serikali, kwani Mtume wake alikwisha tia mkono ndani ya lundo.

Tena ukweli wa tangazo hubadilika na wakati. Mwaka 2024 Serikali ilisimamisha uvuvi katika Ziwa Tanganyika kwa miezi mitatu, tangu tarehe 15 Mei hata tarehe 15 Agosti, ili samaki wazaane. Tangazo lililosema mwezi wa Machi kwamba dagaa wabichi wapatikana kila siku lilikuwa kweli siku ile. Likiachwa lizunguke katika simu mwezi wa Juni, limekuwa uongo. Mtunga tangazo hana budi kurudi kuitazama kazi yake, kama mwenye shamba arudivyo kulipalilia.

SINEMA ZA VUGIRI

Kuuliza watazamaji si jambo geni katika nchi yetu. Kati ya mwaka 1935 na 1937 palikuwa na jaribio la sinema za mafunzo, lililosimamiwa na Meja Notcutt na Bwana Latham, makao yake yakiwa Vugiri, katika milima ya Usambara karibu na Korogwe. Walitengeneza sinema 35 fupi: juu ya malaria ya watoto wachanga, juu ya ngozi, juu ya kodi, na moja juu ya benki ya akiba ya posta, ambayo kwa hakika ilikuwa tangazo kamili. Sauti ilitiwa katika sahani za santuri ili watu wa lugha mbalimbali wasikie kwa lugha yao. Wakazizungusha kwa lori katika Tanganyika na nchi jirani, wakiangalia jinsi watu walivyozipokea.

Lilikuwa wazo jema kumsikiliza mtazamaji. Lakini lilikuwa na upungufu wake, nao wafaa kuwa funzo kwetu. Walioamua nini kisemwe walikuwa wageni na watawala. Mtazamaji aliulizwa kama amefahamu, hakuulizwa kama alilofundishwa lilikuwa na haki. Mtu aliyeonyeshwa sinema ya kodi aliweza kucheka au kunyamaza; kuihoji kodi yenyewe hakukuwa sehemu ya jaribio. Masahihisho ya namna hiyo hugusa ganda tu, yasifike kwenye kiini.

Baadaye, mwaka 1993, Redio Tanzania ilianza mchezo wa Twende na Wakati, uliowafundisha watu juu ya uzazi wa mpango na ugonjwa wa ukimwi. Kabla ya kuandikwa, watu waliulizwa kwanza juu ya maisha yao, ndipo mchezo ukatungwa. Ndiyo maana dereva wa lori aitwaye Mkwaju, aliyewekwa kuwa mfano mbaya, alijulikana na wasikilizaji kama mtu wa mtaani mwao. Yule aulizaye kabla ya kutunga huwa na machache ya kufuta baadaye.

RUDI UKASALI

Katika mafunzo ya Mtume wetu (s.a.w.) tumepata mifano miwili ya masahihisho, mmoja wa anayesahihisha na mmoja wa anayesahihishwa.

Wa kwanza ni ule uliopokewa na Bukhari na Muslim, wa mtu aliyeingia msikitini akasali kwa haraka, kisha akaja kutoa salamu. Mtume (s.a.w.) akamrudishia salamu, akamwamuru arudi akasali, kwa kuwa alikuwa bado hajasali. Ikawa hivyo mara tatu. Mwishowe yule mtu akakiri kwamba hajui vizuri zaidi ya hivyo, akaomba afundishwe; ndipo Mtume (s.a.w.) akamweleza hatua moja moja: kusimama, kusoma, kurukuu mpaka atulie, kuinuka mpaka alingane, kusujudu mpaka atulie. Tazama uzuri wa malezi haya! Salamu ilirudishwa kila mara, kwa hiyo heshima haikuvunjwa. Kazi yenye upungufu haikukubaliwa, kwa hiyo ukweli haukufichwa. Na maelezo yalikuja pale mwanafunzi alipoyataka mwenyewe, yakawa ni ya vitendo, si lawama. Mwalimu amwambiaye mwanafunzi "kazi yako mbaya" na kukomea hapo hajafundisha kitu. Na amwambiaye "nzuri sana" ilhali si nzuri amemdhulumu.

Wa pili ni wa vita vya Badri, mwaka wa pili wa Hijra. Wanahistoria wa sira wasimulia kwamba Mtume (s.a.w.) alipopiga kambi, sahaba wake al-Hubab bin al-Mundhir alimjia akauliza: je, mahali hapa ni kwa amri ya Mwenyezi Mungu, au ni rai na mbinu ya vita? Alipoambiwa kuwa ni rai, akashauri wasogee mpaka kisima kilicho karibu na adui, ili Waislamu wapate maji na adui akose. Mtume (s.a.w.) akaikubali rai hiyo, na jeshi likahama. Ikiwa kiumbe bora kuliko wote aliisikiliza rai ya sahaba wake akaifuata mbele ya jeshi zima, kijana wa darasani aona haya gani kuhamisha picha moja ya machweo?

ADABU ZA PANDE MBILI

Kwa hayo twaweza kuwatajia vijana adabu chache.

Kwanza, msemaji na aulize kabla ya kuhukumu, kama alivyofanya al-Hubab. Amwulize mwenzake: ulikusudia nini hapa? Pengine kile alichokiona kuwa kosa kilikuwa na makusudio.

Pili, aseme alichokiona, si anavyomdhania mtu. "Sikusikia bei" ni neno la faida. "Nyinyi wavivu" ni tusi, na Sura ya Hujurat imetukataza kudharauliana.

Tatu, yaliyo aibu ya mtu na yasemwe faraghani. Yule mwanafunzi wa sita alikuwa na haki ya kusema juu ya vichanja, lakini ingalikuwa bora awaite wenziwe pembeni kwanza, kwa kuwa jambo lile liligusa jina la mfanya biashara asiyekuwapo kujitetea. Wakikataa kurekebisha, hapo kunyamaza kungekuwa kushiriki katika uongo.

Nne, anayesahihishwa na aandike kila neno bila kujibu. Ulimi ukishughulika kujitetea, sikio hufungwa. Akimaliza kuandika, alale nayo. Kesho yake atayatenga: haya ya ufundi, haya ya mtazamaji, haya ya haki. Neno lililosemwa na mtu mmoja alipime. Lililosemwa na watano wasiokubaliana kwa mengine, alishike.

Tano, si kila neno lifuatwe. Atakayemwambia atie sifa ambazo bidhaa haina, au aweke picha ya binti wa watu ili macho ya vijana yavutwe, huyo amwambie ahsante, asimfuate. Kupokea nasaha hakumaanishi kuuza dhamiri.

Sita, akisha kurekebisha arudi kwa wale wale waliosema, awaonyeshe. Wengi huliacha jambo hili. Yule wa msikitini alirudi mara tatu. Asingalirudi, asingalijua kusali.

NENO KWA WAZAZI

Haya yote huanzia nyumbani. Mtoto ambaye kila kosa lake hupokewa kwa makelele hujifunza kuficha makosa, na mtoto ambaye kila kitu chake husifiwa hujifunza kuzichukia kweli. Enyi baba na mama wa Kigoma, Ujiji na popote mlipo, mwanenu akiwaletea kazi yake, msimwambie tu "hongera mwanangu" huku macho yenu yako pengine. Itazameni mpaka mwisho. Mwambieni jambo moja lililowapendeza na sababu yake, na jambo moja ambalo hamkulifahamu. Mama anayepika dagaa kila siku ni hakimu bora wa tangazo la dagaa kuliko mtaalamu wa kamera. Asidhani kuwa hana la kusema kwa kuwa hakusoma mambo hayo. Na wasichana wapewe nafasi sawa ya kusema na kusikilizwa, kwani biashara ya dagaa ya ziwa hili imo mikononi mwa wanawake kwa sehemu kubwa.

Mtume (s.a.w.) alitufundisha kwamba dini yenyewe ni nasaha, na kwamba Muumini ni kioo cha Muumini mwenziwe. Kioo hakipigi kelele wala hakitangazi aibu ya mtu mitaani. Humwonyesha mwenyewe aliyesimama mbele yake, kisha hunyamaza. Lakini kioo hakiongezi uzuri pia. Aoneshwaye doa usoni halaumu kioo, bali hunawa.

Twamwomba Mwenyezi Mungu awajaalie vijana wetu ndimi za kweli katika kila wanachokitangaza, masikio yenye subira katika kila wanachoambiwa, na mali iliyo halali katika kila wanachokiuza. Amin.